Ukuta Hupimwa kwa Maji ya Walio Chini

Nyinyi vijana wa Ryansoro mlinicheka, na kicheko chenu ndicho kimenikalisha chini kuandika. Shule niliiacha mwaka wa nne wa msingi, mkono wangu mzito, na mke wangu ndiye anayenisahihishia herufi huku akiguna. Lakini mambo ya mafuta nayajua. Nimeyanusa tangu nilipoota ndevu mpaka mapafu yalipokataa.

Nilipita kwenye kinu chenu cha kusaga mahindi kumtembelea shemeji yangu. Nikaona tangi la mazutu, dizeli ya injini, mmelisimamisha juu ya matofali, kwenye mteremko, na chini ya mteremko kuna kisima ambacho watu wa mlima mzima wanakinywea. Nikauliza ukuta uko wapi. Mmoja wenu akajibu, "Mzee, ukuta wa nini? Tangi haliwezi kutoroka." Mkacheka wote. Kiongozi wenu Esperansi, yule binti anayeshika funguo za kinu, akaona sura yangu, akasema kwa upole, "Mzee Hamisi, vita viliisha. Sasa kuna amani."

Binti yangu, nani amekuambia mazutu yanajua habari za amani?

Mimi naitwa Hamisi, mtoto wa Nyamugari hapa Gitega. Nina miaka hamsini na tano, na watu wananiita mzee kwa sababu ya kikohozi. Katika haya nitakayosimulia wako watu watatu wenye makosa, na nitawataja wote kwa majina. Nimechoka kusikia "ni vita." Kila kitu kilichoharibika katika nchi hii, ukiuliza nani alikiharibu, unajibiwa "ni vita, sha," kana kwamba vita ni mtu mwenye mikono, anayeamka asubuhi, ananawa uso na kwenda kazini.

Kazi nilifundishwa na Mzee Saidi, mkubwa wa vibarua katika depo ya mafuta iliyokuwa nje kidogo ya mji. Alikuwa mfupi, na kofia yake ya kusalia ilikuwa imepoteza rangi kwa vumbi. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na pua. Angeingia depo asubuhi, akasimama mlangoni, akavuta hewa, akasema, "Pipa la tatu linatoa jasho." Mkienda, kweli, pipa la tatu linavuja kwenye mshono.

Siku yangu ya kwanza nilimwaga karibu nusu bido ya mazutu. Kwetu bido ni lile dumu la plastiki ambalo kila nyumba inalo. Kwa haraka za kijana nikachukua ndoo ya maji, nikaosha sakafu ikang'aa, nikajisifu moyoni. Baada ya saa moja akaingia mama mmoja jirani na kapu kichwani, ndani yake bata saba. Walikuwa weupe walipoamka. Sasa walikuwa kama wamepakwa rangi ya viatu.

"Nani ameosha sakafu yake kwenye uwanja wangu?" akauliza.

Mzee Saidi hakunitetea. Akanipa sabuni ya mche na beseni. "Osha."

"Niwaoshe bata, Mzee?"

"Ulipenda kuosha. Endelea."

Nikaosha bata saba mpaka adhuhuri, wakinidonoa vidole, na wafanyakazi wenzangu wakiuliza kama nitawapiga pasi pia. Wawili walikufa hata hivyo, na nilifanya kazi ya kuchota maji kwa yule mama mwezi mzima. Basi jueni hili la kwanza: mazutu yakimwagika usiyafukuze kwa maji. Maji hayayaondoi, yanayapeleka kwa jirani. Mwaga mchanga mkavu, au pumba za mbao, au maganda ya kahawa, ambayo sisi tuliyachukua bure kwenye mashine ya kukoboa. Yaache yanywe. Kisha yazoe kwa koleo, uyaweke kwenye pipa lenye kifuniko. Wako wanaoyazoa vizuri halafu wanakwenda kuyatupa bondeni. Hao ni wale wale wa ndoo, wamebadilisha chombo tu.

Mengine alinifundisha kidogo kidogo. Pipa usilisimamishe wima nje kwenye mvua. Maji yanakusanyika juu ya kifuniko, pipa likipoa linavuta pumzi na kuyameza, kesho injini ya mtu inakohoa na anakuita mwizi. Lilaze, au liwekee jiwe chini ya ukingo mmoja liiname. Tangi usilijaze mpaka mdomoni, kwa maana mafuta yakipigwa na jua yanavimba. Kabla ya kupokea kamiyo, lori la mafuta, chovya fimbo ya kupimia, uone tangini mna nafasi ya kiasi gani, ukubaliane na dereva kwa sauti. Na mpira wa kushushia mafuta ukishafungwa, lazima mtu asimame pale mpaka tone la mwisho. Asimame. Si akae, si aende kunywa chai. Mzee Saidi alikuwa akisema mpira ni kama mtoto mchanga jikoni.

Lakini jambo alilolishika kama dini lilikuwa ukuta.

Tangi letu lilizungukwa na ukuta wa matofali na saruji, unaofika kiunoni, na sakafu yake ya saruji pia. Ndani lilikaa tangi na mapipa. Kazi ya ukuta ule ilikuwa moja: tangi likipasuka, mafuta yote yabaki ndani, na nafasi ya mvua iwe imebaki juu yake. Hakukuwa na mlango. Ulipanda ngazi ya chuma ukashuka upande wa pili. Chini kabisa kulikuwa na bomba dogo la kutolea maji ya mvua, lenye robine, yaani koki, tuliyoiita vani, na vani ilikuwa na kufuli. Mvua ikinyesha, Mzee Saidi alichungulia maji kwanza. Akiona zile rangi za upinde wa mvua juu yake, hafungui. Yakiwa masafi anafungua, anasimama hapo hapo mpaka yaishe, anafunga, anatikisa kufuli mara mbili.

Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza tulikuwa na siku ya kujaza ukuta. Mapipa tuliyatoa, tukashuka sote hadi kwenye kisima cha bondeni, kibarua, mlinzi, karani, hata shefu, mkuu wa depo, mwenye tai, kila mmoja na bido yake. Tulichota, tukapanda kilima, tukamwaga ndani ya ukuta. Tena na tena. Halafu Mzee Saidi alichora alama ya mkaa pale maji yalipofika, na kesho yake tulikuja kutazama. Yakishuka chini ya alama, kuna ufa, na ufa unatafutwa mpaka upatikane.

Nilikuwa na akili ya kijana, nikamwambia, "Mzee, depo iko na bomba la maji. Tuvute mpira tujaze nusu saa."

"Bomba litakuonyesha ufa," akasema. "Kisima kitakuonyesha watu. Mle chini umemkuta nani?"

"Akina mama wanachota."

"Wanaitwaje?"

Sikujua.

"Kesho utawajua. Ukuta haupimwi kwa macho, mwanangu. Hupimwa kwa maji ya walio chini."

Shefu wa wakati ule alilalamika juu ya viatu vyake, lakini alibeba. Kila mwaka alibeba.

Kisha vita vikaja, na barabara zikafa. Mafuta yakawa yanafika kwa msafara wa askari, au yanaingia kwa njia za mpakani upande wa Muyinga. Wenye depo wakafungua nyingine ndogo kule Muyinga, wakataka mtu anayejua mapipa. Wakanichukua mimi. Mzee Saidi alinishika mkono getini, akaniambia, "Wakikuambia hakuna wakati, jua ndipo wakati wa kupima." Nikaitikia ndiyo. Kuitikia ni rahisi.

Mwenye makosa wa kwanza ni Salvatori, shefu wa depo ya Muyinga. Nataka mumuone vizuri. Hakuwa jambazi. Alikuwa mcheshi, alijua majina ya watoto wetu, siku ya Idi alinitumia sukari. Aliamini kwamba mtu mwenye haraka ni mtu mwenye akili. Depo ilikuwa juu ya kilima, tangi moja, ukuta mzuri uliojengwa na fundi aliyejua kazi yake. Mwaka wa kwanza nilimwambia kuhusu siku ya kujaza ukuta.

"Nishuke kisimani na bido? Mimi?" Akacheka mpaka akafuta macho. "Hamisi, weye unanichekesha. Watu watasema depo imekosa mafuta sasa inauza maji."

Siku hiyo ikafa. Nami sikuizika vizuri, niliiacha tu.

Chini ya depo, bondeni, kulikuwa na kisima chenye mfereji wa bati, na karibu yake watu waliokimbia milima yao walikuwa wamejenga vibanda vya turubai na majani. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa kike, Zaituni. Alikuwa ameolewa Buhinyuza, mumewe akapotea njiani, naye akaja Muyinga na watoto wake wawili kwa sababu kaka yake ana kazi huko. Mnaelewa? Alikuja pale kwa ajili yangu. Alikuwa na ulimi mkali tangu utoto. Nikifika kibandani kwake anaziba pua.

"Kamiyo imefika. Watoto, sogeeni, msije mkagongwa."

"Heshimu kaka yako."

"Namheshimu. Ningemheshimu zaidi angepita kwanza kwenye sabuni."

Kila asubuhi alichota kwenye kisima kile. Nilimwona kutoka juu, nikiwa kwenye ngazi ya ukuta. Kitambaa chekundu kichwani, bido ya njano.

Sasa ukuta ule ulikuwa unatuchelewesha. Msafara wa askari ulipofika, uliondoka kwa saa iliyopangwa, bila kumngoja asiye tayari. Kuyapitisha mapipa juu ya ukuta kwa mbao kulihitaji watu wanne na muda. Asubuhi moja Salvatori alinijia na nyundo kubwa.

"Toboa hapa. Upana wa pipa. Tunaviringisha moja kwa moja mpaka kwenye kamiyo."

"Shefu, ukitoboa si ukuta tena."

"Ukuta huu unazuia nini? Risasi?"

"Unazuia mazutu yasishuke."

"Yashuke yende wapi? Tangi limepasuka lini? Hamisi, tukishambuliwa hapa, utasimama ukinyanyua pipa juu ya ukuta? Ni vita, sha. Mambo ya amani tutayafanya amani ikirudi."

Nikamwambia labda tujenge ngazi ya mbao pana zaidi. Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu anayejua kwamba karatasi yako ya kupita barabarani ameisaini yeye. Bila karatasi ile ulikuwa umefungiwa mjini, na huna kazi. Hakunitisha. Aliniwekea nyundo mkononi tu, akaenda zake.

Nilitoboa. Ilichukua asubuhi moja. Matofali yalikuwa mazuri, yalikataa, nikayashinda. Kisha, ili nijidanganye, nikajaza mifuko ya mchanga na kuipanga kwenye lile pengo. Nikaona nimemaliza kazi kama mtu mzima: pipa likitaka kupita tunatoa mifuko, likipita tunairudisha. Kwa majuma kadhaa tuliirudisha. Halafu askari wa getini wakaomba mifuko wajikinge, na Salvatori akawapa.

"Mchanga ni wa risasi," akaniambia nilipouliza.

Pengo likabaki wazi. Nililizoea. Hilo ndilo linalonitia uchungu nikiandika, kwamba nililizoea. Nilikuwa nikipita humo mwenyewe na kusema moyoni, kumbe ni rahisi hivi.

Mwenye makosa wa pili ni Bonifasi, dereva wa kamiyo ya tangi. Siku yenyewe msafara ulifika umechelewa, mvua imenyesha tangu alfajiri, na askari wanataka kuondoka kabla ya adhuhuri. Nilichukua fimbo ya kupimia. Salvatori akapiga kelele kutoka ofisini, "Acha fimbo! Tangi lilikuwa tupu juzi. Funga mpira, njoo uviringishe mapipa!" Tangi halikuwa tupu. Jana yake lilikuwa limepokea mzigo mdogo kutoka mpakani, Salvatori akausahau. Fimbo ingemkumbusha.

Nikamwambia Bonifasi, "Simama kwenye mpira."

"Nasimama," akasema.

Alisimama muda wa kuvuta sigara moja. Halafu akavuka barabara kwenda kula mshikaki wa mbuzi. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akaniambia kwa mshangao wa kweli, "Si nilikuwa na njaa?"

Mimi nilikuwa upande wa pili wa depo, nasukuma mapipa, jasho machoni. Harufu ndiyo iliyonigeuza kichwa. Tangi lilikuwa linatapika juu, kwenye bomba la kupumulia. Mazutu yalishuka ubavuni mwake kama pazia, yakajaa sakafuni, yakatafuta njia. Yalipata pengo langu. Hayakuhangaika hata kidogo. Yalipita katikati kabisa, upana wa pipa, yakaingia kwenye mfereji wa mvua na kuteremka pamoja na maji mekundu ya udongo.

Nilikimbia kufunga koki ya kamiyo. Nilipoifunga, hasara ilikuwa imekwisha kutokea. Nikavua shati nikaziba pengo, mnaweza kuamini? Shati. Salvatori alitoka, akatazama, akashika kiuno. Cha kwanza alichosema kilikuwa, "Msafara usijue."

Nilishuka na koleo nikachimba mtaro wa kuyakatiza, nikabeba magunia ya maganda ya kahawa kutoka mashineni, watu wa vibandani wakanisaidia bila kuuliza. Jioni kisima kilikuwa na ngozi juu yake, inacheza rangi. Zaituni alitia mkono, akaunusa.

"Sasa hata maji yananuka kaka yangu," akasema. Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Watoto walikunywa kwa kuwa walikuwa na kiu, wakatapika. Nilikwenda kwa Salvatori asubuhi.

"Tupakie mapipa masafi ya maji kwenye kamiyo ndogo, tuwapelekee watu chini mpaka kisima kisafike."

"Kamiyo ni ya kazi."

"Hii ndiyo kazi, shefu. Ni mafuta yetu."

"Maji yanatembea, Hamisi. Siku tatu yatakuwa masafi."

Siku tatu zikapita. Udongo ulikuwa umekunywa mazutu na ulikuwa unayarudisha polepole, kila mvua na sehemu yake. Hilo nalo mlijue: yakishaingia ardhini, si wewe unayeamua yatoke lini.

Kulikuwa na kisima kingine, nyuma ya kilima cha pili. Kila mtu alikijua, na kila mtu alijua kwa nini hakiendewi. Njia yake ilipita kwenye msitu mdogo wa mikaratusi ambako watu walikuwa wamepigwa risasi. Kwa miezi hakuna aliyekwenda, kwa sababu hakuna aliyelazimika. Kisima cha chini ya depo kilitosha.

Siku ya tano nilimkuta Zaituni anafunga kitambaa chake.

"Usiende kule," nikamwambia. "Nitaongea tena na shefu."

"Umeongea mara ngapi?"

"Leo atakubali."

"Watoto wana kiu leo, kaka. Shefu wako atakubali kesho kutwa." Akachukua bido. "Kuna wengine sita tunakwenda nao. Tutaimba, watajua sisi ni wanawake."

Nilipanda kwenda kuongea na shefu. Nilikuwa bado ofisini, nimesimama na kofia mkononi, tuliposikia milio ya bunduki. Salvatori alisema, "Ni mbali."

Walirudi wanne. Mmoja wao alikuwa amebeba bido mbili, yake na ya njano. Aliiweka mbele yangu. Ilikuwa imejaa. Zaituni alikuwa amekwisha kuchota, alikuwa anarudi.

Watu wananiambia waliomuua mdogo wangu ni wenye bunduki. Sawa. Majina yao siyajui na sitayajua, Mungu anayajua. Lakini waliompeleka kwenye njia ile nawajua. Salvatori aliyetoa amri ya kutoboa na kutopima. Bonifasi aliyeacha mpira kwa sababu ya nyama. Wa tatu nitafika kwake.

Juma lililofuata Salvatori aliniita nitie saini karatasi. Ilikuwa kwa Kifaransa, mashine imepiga chapa vizuri. "Ni ya depo tu," akasema. "Kwamba mafuta yalipotea." Niliandika jina langu pale aliponionyesha kwa kidole. Akanipa nakala, kwa adabu.

Nilipopata nafasi kwenye msafara nikarudi Gitega, nikaenda moja kwa moja Nyamugari nyumbani kwa Mzee Saidi. Alikuwa ameacha kazi, miguu imevimba. Nilimsimulia yote. Nikampa karatasi, kwa kuwa Kifaransa kidogo alikijua. Akaisoma polepole, mdomo unatembea.

"Hapa wameandika tangi lilitobolewa na risasi."

"Risasi gani?"

"Risasi za washambuliaji. Na wewe umeshuhudia. Jina lako hili hapa."

Nikaanza kumtukana Salvatori. Nilimtukana kwa Kiswahili nikahamia Kirundi. Mzee Saidi aliningoja nimalize.

"Nani alishika nyundo?" akauliza.

"Salvatori ndiye aliyeamuru, Mzee. Alinilazi…"

"Sikukuuliza nani aliamuru."

Yeye akaikunja karatasi mara nne, akanirudishia, akamwambia mkewe aniletee chakula. Hakusema zaidi, siku ile wala nyingine, mpaka alipofariki. Ningependa angenipiga.

Basi wa tatu ni mimi, Hamisi wa Nyamugari. Vita havikutoboa ukuta ule. Ulitobolewa na nyundo, asubuhi ya kawaida, ndege wanalia, na hakuna aliyenielekezea bunduki.

Bonifasi alivuka mpaka na sijamsikia tena. Salvatori yuko hapa hapa Gitega, ana tumbo na heshima, kwenye harusi anakalishwa mbele. Mwaka jana alinikumbatia. "Hamisi, tumetoka mbali. Yale yalikuwa mambo ya vita, sha." Nikamwambia, "Pengo lilikuwa upana wa pipa, shefu. Nakumbuka vipimo." Akajifanya anaitwa na mtu.

Kwa hiyo, vijana wa Ryansoro, mliponicheka, nilirudi kwenu kesho yake na kamba ya kupimia, mnakumbuka. Niliwatukana, na sitaomba radhi. Tangi mlilihamisha, mkajenga ukuta, kazi nzuri, saruji haikuibwa. Mkadhani tumemaliza. Nikasema tujaze.

Yule mcheshi wenu akasema, "Tuna tangi la maji ya mvua pale, mzee. Dakika kumi."

"Bido," nikasema. "Kisimani."

Mlinung'unika njia nzima. Mmoja akaniambia kama nimezeeka nizeeke peke yangu. Lakini mlishuka, mkapanda, na mara ya pili niliona mmeanza kuwasalimu akina mama kwa majina. Tukachora alama ya mkaa. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka upana wa vidole viwili.

Hakuna aliyecheka. Esperansi alipiga magoti, akatafuta kwa vidole, akaupata ufa kwenye kona, mwembamba kama unywele. "Ungetosha kuharibu kisima?" akaniuliza.

"Ungetosha."

Mkauziba, mkangoja ukauke, tukashuka tena kuchota. Safari hiyo nilichukua bido nami, kikohozi na yote. Ilikuwa ya njano, lakini hamkuwa na sababu ya kuliona hilo. Asubuhi alama ya mkaa na maji vilikuwa sawa sawa.

Esperansi akafunga vani, akatia kufuli, akanyoosha mkono kuweka ufunguo kwenye shada la funguo za kinu. Nikamzuia. Nikauchukua, nikateremka nao kisimani. Kulikuwa na mama mmoja anakaa nyumba ya kwanza, tayari ana bido mkononi. Nikamuuliza anachota mara ngapi kwa siku.

"Mara nne," akasema. "Kwa nini?"

Nikampa ufunguo, nikamweleza unafungua nini, na kwamba kuanzia leo mwenye kutaka kuifungua vani ateremke kwanza amwombe yeye, na yeye apande naye akatazame kama maji ni masafi.

Akaugeuza mkononi, hakupendezwa. "Nao ni vijana wasomi. Akija mmoja na kusema ana haraka, nitamwambia nini?"

"Mnyime," nikamwambia. "Akija mtu na haraka, mnyime. Hata nikiwa mimi. Hasa nikiwa mimi."